Darubini ya Bei ya Kati

3 Februari

Shikamoo Shangazi,

Naomba barua hii ikukute umeketi, maana nakujua, hata barua unasoma umesimama. Sisi huku wazima. Baba goti bado linamsumbua. Anatembelea fimbo, ila ukiita fimbo anakasirika. Anasema ni kijiti cha kufukuzia nyoka. Mke wangu anashona sare za shule mpaka cherehani imehamia chumbani, tunalala na vitambaa. Binti yetu ameota meno na anamuuma kila anayemkaribia, amerithi kwa nani sijui.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kambini mtandao unashika juu ya kilima tu, na huko upepo unakula maneno.

Shida yangu ni hii. Meneja wa kambi ametangaza kwamba msimu ukifunguliwa mwezi wa sita, kila mwongozaji wa wawindaji awe na darubini yake mwenyewe, ile ndefu ya jicho moja inayosimama juu ya miguu mitatu. Hizi za macho mawili tunazovaa shingoni hazimtoshi tena. Wewe umekaa na vitu hivyo dukani maisha yako yote. Nitafutie moja. Isiwe ile ya rahisi, isiwe ile ya matajiri, iwe ya kati. Lakini iwe inayovuta mbali kuliko zote. Mgeni mmoja alikuja na inayovuta mara sitini, na mimi nataka sitini.

Msimu uliopita kulikuwa na tatizo dogo, ndiyo maana meneja amekuwa mkali. Hilo limekwisha.

Msalimie kila mtu hapo dukani.

Mwanao wa porini


26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeisoma nimesimama. Huyo mtoto mwacheni aume, meno ni yake. Mwambie kaka yangu kwamba hata mfalme hutembelea fimbo.

Sasa nisikilize. Kila anayeingia hapa kununua darubini anaanza na neno hilohilo, "inavuta mara ngapi?", kama vile ananunua ng'ombe wa kulimia. Kuvuta si kuona. Unapovuta mara sitini kwenye lenzi ya bei ya kati, picha inaingia giza, na kila ukipumua mnyama anaruka. Halafu mchana, jua likishachoma ardhi, hewa inachemka. Utakuwa unavuta mvuke. Utamwona nyati wako anacheza kama nguo kwenye kamba.

Kwa hiyo jibu maswali yangu, na uyajibu yote, usichague. Unaibeba mgongoni au inakaa kwenye gari? Unatazama saa ngapi zaidi, alfajiri au mchana? Mgeni naye atatazama humo humo? Na unataka kuona nini hasa? Mnyama yupo au hayupo, hilo hata jicho lako linatosha. Niambie kitu gani cha mnyama unachotaka kukiona.

La mwisho, tatizo dogo ni lipi? Mtu haambiwi anunue kifaa kwa sababu ya jambo lililokwisha.

Shangazi yako


30 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa, mvua ilikata barabara na gari la mahitaji likakaa ng'ambo ya mto tukila maharage mpaka tukachukiana. Nyumbani nimeambiwa wazima. Baba amekubali kijiti kiwe kirefu kidogo.

Majibu yako haya. Naibeba mgongoni. Natazama alfajiri na jioni, na mchana pia, sichagui, mnyama ndiye anachagua. Mgeni naye atatazama, na wageni wengine ni warefu kama milingoti.

Ninachotaka kuona ni paji la uso la nyati. Sheria inaturuhusu dume mzee tu, aliyekwisha kuacha kundi au anayekaribia kuliacha. Umri wake uko pale pembe zinapokutana juu ya kichwa. Mzee, pembe zake zimeungana zikawa ngumu kama kofia ya chuma. Kijana, katikati kuna ufa, na ndani ya ufa kuna manyoya, na chini ya manyoya ni laini. Ukiona manyoya, unamwacha. Ni hilo tu. Lakini ni hilo kwa umbali wa bonde zima, nyasi zimefika kifuani, na madume wengine wamesimama mbele yake.

Ndiyo maana nasema sitini. Mwenzangu mmoja, yule tunayemwita Kifimbo, ameshanunua yake ya rahisi sokoni. Imeingia ukungu ndani wiki ya kwanza. Sasa anaifuta kwa nje, ukungu uko ndani, anaifuta tu. Sitaki yanikute hayo. Na meneja kila asubuhi ananiuliza mbele ya watu: "Yako iko wapi?" Nimechoka kujibu kwamba shangazi yangu anafikiri.

Tuma kubwa kuliko zote, Shangazi, tumalize.

Mwanao


21 Aprili

Mwanangu,

Maswali yalikuwa matano, umejibu manne. Kuhesabu najua.

Nimezijaribu tatu. Huku stoo hakuna dirisha, kwa hiyo nilitoka nazo kwenye ngazi za nyuma kabla ya watu kufika na tena jioni taa za barabarani hazijawaka. Ng'ambo ya uwanja kuna tangi la maji lenye maandishi yaliyobabuka. Ya kwanza, ya rahisi, iliyasoma vizuri asubuhi; kulipopunguka mwanga, ikawa kama natazama kupitia chai. Hiyo ni ndugu ya ile ya Kifimbo. Ya pili ndiyo ungeipenda wewe. Kubwa, nzito, inavuta mara sitini. Kuanzia arobaini na kitu maandishi yakaota rangi ya zambarau pembeni, nikawa nasogeza gurudumu mbele na nyuma kutafuta mahali pa kutulia, hapapatikani. Wanauza ile sitini kwa sababu imeandikwa kwenye boksi.

Ya tatu nimekuchagulia. Lenzi ya mbele ni milimita sitini na tano, inavuta kuanzia kumi na tano hadi arobaini na tano, na hiyo arobaini na tano ni ya kweli. Niliona mahali rangi ilipopasuka kwenye tangi, niliona kutu ndani ya mpasuko. Imejazwa gesi na kufungwa, haiingii ukungu. Sehemu ya kuwekea jicho imepinda kwenda juu: wewe utainama, na mlingoti wako atainama zaidi, bila kugusa miguu ya stendi. Ingekuwa ya kunyooka mngekuwa mnapandisha na kushusha mpaka nyati azeeke mwenyewe.

Na stendi nimechukua nzuri kuliko ulivyotarajia, kwa sababu stendi dhaifu inaua lenzi nzuri. Siku ya upepo tundika begi lako katikati yake.

Inakuja na basi, ofisi ya mizigo, jina lako juu. Sasa jibu swali la tano.

Shangazi yako


18 Mei

Shikamoo Shangazi,

Mzigo umefika salama. Kwanza nauliza, stoo unafanya nini? Wewe unakaa mezani, mbele, kwenye kioo. Tangu nikiwa mtoto ndipo unapokaa.

Sitaficha, nilipofungua boksi nilisikitika. Ni ndogo. Kifimbo alisema umenitumia chupa ya chai, na kambi nzima sasa inaiita Chupa. "Chupa imeamka?" "Chupa imeona nini leo?" Kwa siku kadhaa sikuitoa kwenye begi kwa hasira. Halafu nikapanda nayo kilimani kabla ya jua. Sitasema mengi. Niliona kupe kwenye sikio la pofu, yule swala mkubwa. Lakini jua lilipopanda, nilivuta mpaka mwisho na hewa ikachemka kama ulivyosema, na hilo nalo liliniudhi, kwamba ulisema.

Haya, tatizo. Nakuandikia ili usiulize tena.

Mgeni alikuwa ametafuta dume muda wote wa safari yake bila kupata. Siku yake ya mwisho tukakuta kundi kwenye mbuga ya chini. Jua lilikuwa usoni kwangu, nilikuwa na ile ya shingoni tu. Dume mmoja akatoka pembeni. Pembe pana, mwili mkubwa. Amesimama ubavu, akageuza kichwa kututazama, manyoya ya katikati ya pembe yameganda tope jekundu, na mgeni ananipumulia shingoni, "Huyo? Huyo?" Na meneja redioni anauliza kama tumepata, maana ndege ya mgeni inasubiri. Nikasema huyo. Akapiga.

Mkaguzi wa wanyamapori alipokuja kupima, aliweka kidole gumba katikati ya pembe na kidole kikazama. Nikapewa onyo la maandishi. Likitokea jingine, leseni inakwenda. Ningekuwa na darubini nzuri siku ile, yasingetokea. Ndiyo habari yote.

Mke wangu anakushukuru kwa vitambaa ulivyomwekea ndani ya mzigo.

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Habari za nyumbani nitauliza siku nyingine.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba manyoya yalikuwa na tope jekundu. Tope la rangi gani, umeona. Umeliona kabla ya bunduki kulia, kwa darubini yako ya shingoni, jua likiwa usoni. Na mwezi wa tatu uliniandikia, "Ukiona manyoya, unamwacha."

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nimekaa kwenye ngazi za nyuma asubuhi na jioni nikikutafutia kitu cha kukuonyesha ulichokwisha kukiona. Nimekasirika, na naandika nikiwa bado na hasira kwa sababu zikipoa nitakuandikia maneno matamu yasiyo na faida. Hukukosa lenzi siku ile. Ulikosa neno moja fupi, na neno hilo haliuzwi hapa, si la rahisi wala la kati.

Umeuliza nafanya nini stoo. Mwenye duka aliuza, na mwenye duka mpya ana mpwa wake anayejua bei zote na hajui lenzi. Januari alikuja mama mmoja kumnunulia mwanawe darubini ya kutazama ndege. Mpwa akamletea ile ya gharama kubwa kuliko zote, nzito, mtoto hawezi hata kuinyanyua. Mama akaniuliza mimi, "Na wewe unaonaje?" Nikamwambia. Akaondoka na ndogo, amefurahi. Siku iliyofuata kiti changu kilikuwa stoo. Sikukwambia kwa sababu ungeniombea kwa watu, na kwa sababu inaniudhi kuliko ninavyopenda ijulikane. Nafungua maboksi na kubandika bei. Miguu inavimba. Ukitaka kujua kama najuta, siku nyingine najuta sana.

Msimu umeshafunguliwa. Nenda na Chupa yako.

Shangazi yako


20 Julai

Mwanangu,

Hujajibu. Nilisema umenuna, nikakuacha unune. Sasa naona umezidi. Nilimpigia mkeo, akasema u mzima, uko kambini, na kwamba barua yangu ulipoisoma ulitoka nje ukapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Mimi nimesema nilichosema na sikifuti. Lakini kimya chako kinanila. Andika hata matusi.

Shangazi yako


29 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa nyumbani. Baba yuko hapa pembeni, kalala kwenye kiti, kijiti mapajani. Binti anatembea. Mke wangu amemaliza sare na cherehani imerudi ukumbini.

Barua yako ya Juni niliichana. Ndiyo sababu ya kimya, sikuwa na cha kujibia na sikutaka kuwa nacho.

Msimu ulianza vizuri. Wageni wawili walipata madume wazee kabisa, dume mmoja hana hata meno ya kutafunia. Meneja akaanza kunisifu, Kifimbo akaacha kusema Chupa. Halafu, katikati ya mwezi huu, akaja mgeni mmoja mwenye haraka. Si mtu mbaya, alimtibu hata mpishi wetu jipu. Ila alitaka pembe pana, na alikuwa na kipimo kichwani, chini ya hapo hataki.

Tulilala jirani na maji. Asubuhi kundi likawa ng'ambo ya bonde. Nikasimamisha stendi, nikatundika begi kwa sababu ya upepo, nikainama. Dume alikuwa yule yule wa ndoto yake, pana kiasi kwamba hata mimi moyo ulishtuka. Nikavuta mpaka thelathini tu. Manyoya yalikuwa meusi, yamelala upande, na nzi wanatembea juu yake.

Nikamwambia, "Huyu ni kijana."

Akasema, "Nione." Akainama, akatazama sana. "Nampenda," akasema. "Pembe zake zinatosha."

"Pembe zinatosha, umri hautoshi. Tazama katikati."

"Naona katikati. Ni kivuli."

"Si kivuli."

Akanitazama. Akasema, kwa upole kabisa, "Wewe si ndiye mwenye onyo? Labda unaogopa kupita kiasi." Meneja alikuwa amemwambia, Shangazi. Nikasikia masikio yanawaka. Redio ikalia, meneja akauliza kuna nini. Nikamweleza. Akasema, "Mpe mgeni anachotaka, mengine tutayamaliza huku."

Nikasema hapana. Nikasema tena. Kisha nikakunja stendi, kwa sababu niliogopa nikibaki nimesimama pale nitabadilika.

Tulirudi kambini. Meneja hakunipigia kelele, aliniambia tu nikusanye vitu vyangu, gari la mahitaji linaondoka saa nane.

Ningependa kuishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri. Lakini alasiri ile ile mgeni alitoka na Kifimbo. Wakamkuta dume yule yule, hakuwa amesogea mbali. Kifimbo alimtazama kwa darubini yake ya ukungu akasema huyo. Mkaguzi alipokuja, kidole kikazama. Leseni ya Kifimbo imekwenda, na ana wazee na watoto nyuma yake. Meneja bado ni meneja. Nyati amekufa. Kifimbo alikuja hapa kwangu wiki iliyopita, akakaa alipokaa baba sasa, akaniuliza kwa nini sikumpigia redio kumwambia. Sikuwa na redio, nilikuwa juu ya magunia kwenye gari. Lakini nilimwangalia nikaona swali lake si la redio.

Kwa hiyo lile neno fupi nimelisema, Shangazi, na sioni lilifanya nini. Mnyama hakupona, rafiki yangu hakupona, mimi nimekaa nyumbani napishana na mke wangu mlangoni. Nimemwambia baba yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa kesho utafanya nini?" Basi. Ndiyo yote aliyosema.

Darubini naweza kukurudishia uiuze. Haina mkwaruzo.

Mwanao


14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, na mpe mkono mkeo, maana mwanaume aliyekaa nyumbani bila kazi ni fanicha inayoongea.

Darubini usiirudishe. Nikiipokea wataniambia niibandike bei.

Umeniuliza neno lako lilifanya nini. Nimelifikiria stoo siku nyingi na sina jibu la kukupa. Ningekuwa nalo ningelitumia mwenyewe. Yule mama wa ndege hakurudi kuniambia asante, na mpwa wa mwenye duka jana ameuza nyingine nzito kwa mzee wa mikono inayotetemeka. Nilisikia kupitia mlangoni. Sikutoka. Nilikuwa nimechoka.

Kifimbo mpelekee chakula, na usimpelekee maelezo.

Nimeomba likizo yangu, ambayo sijaichukua tangu watu wakiwa na akili. Nitafika kwenu Jumamosi ya wiki ijayo. Usihangaike na kitanda, nitalala na vitambaa. Kaka yangu mwambie sitaki maneno kuhusu goti.

Kuna jambo nataka unifanyie, na usicheke. Nimeuza darubini tangu kabla hujaoa, tangu kabla hujaota ndevu. Nimetazama kupitia kila moja: mabango, mapaa, antena, madirisha ya watu wasiojijua. Mnyama wa porini sijawahi kumwona hata mmoja. Nilikuwa nawaambia wateja, "Hii utamwona vizuri sana," nami simjui.

Kilima chako cha kushikia mtandao hakimilikiwi na meneja. Nipeleke hapo alfajiri, usimamishe stendi, uniambie nitazame wapi. Nikikuuliza "Huyo? Huyo?" unijibu ukweli. Na unitafutie viatu vya kupandia. Miguu yangu ni mikubwa kuliko yako, usione haya kununua vya kiume.

Shangazi yako